Ratatouille si ya kale kama inavyodhaniwa

Mgeni anayefika Nice, kusini mwa Ufaransa, hakosi kukaribishwa ratatouille, mchuzi mzito wa mboga za kiangazi, na kuambiwa kwamba hicho ndicho chakula cha mababu. Lakini tazama kilichomo chunguni: nyanya, pilipili hoho, zukini, bilinganya, vitunguu na mafuta ya zeituni. Zeituni na vitunguu ni wenyeji wa siku nyingi. Waliobaki walihamia.

Nyanya na pilipili hoho asili yake ni Amerika, na hakuna Mzungu aliyezijua kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata zilipovuka bahari, nyanya haikupokewa vizuri. Watu wengi waliipanda kama pambo la bustani wakiamini ina sumu. Zukini ni ya ukoo wa maboga ya huko huko Amerika, ila umbo lake la leo, refu na changa, lilipatikana kwa wakulima wa kaskazini mwa Italia katika karne ya 19. Bilinganya lilipita njia nyingine kabisa. Lilitoka Asia, na Waarabu ndio waliolifikisha Hispania na Sicily katika Zama za Kati.

Jina la ratatouille nalo halikuwa na heshima. Katika karne ya 18 Wafaransa waliliita hivyo rojo lolote la ovyo, na askari walilifupisha kuwa “rata”, chakula cha kambini. Hata Nice yenyewe si ya Ufaransa tangu kale: ilikuwa chini ya wafalme wa Sardinia hadi mwaka 1860, ilipokabidhiwa Ufaransa. Ni katika karne ya 20 ndipo jina hilo lilipotulia juu ya mboga hizi tunazozijua. Kwa hiyo umri wa chakula hiki haufiki mbali, na sioni kwamba hilo linakipunguzia hadhi. Kilipikwa na watu wa kawaida ambao bustani zao zilizaa kwa mpigo mwezi wa Julai na Agosti, wakati nyama ilikuwa ghali.

Mwaka 1950 Elizabeth David aliwafundisha Waingereza kupika ratatouille katika kitabu chake A Book of Mediterranean Food, chakula kikiwa bado kinagawiwa kwa kadi nchini mwao. Filamu ya Ratatouille ya mwaka 2007 ikaisambaza duniani kote. Lakini vile visahani vya kwenye filamu, vya mboga zilizokatwa duara na kupangwa kwa ustadi, ni mtindo wa mpishi Michel Guérard wa mwaka 1976, ulioboreshwa na Mmarekani Thomas Keller. Mama wa Nice hapangi hivyo.

Yeye hukaanga kila mboga peke yake, na hapo ndipo siri ilipo. Bilinganya hunywa mafuta, zukini hutoa maji, pilipili hoho huchelewa kuiva. Ukizitia zote pamoja tangu mwanzo utapata uji. Kaanga moja moja, kisha zikutanishe kwenye rojo la nyanya, vitunguu na kitunguu saumu, moto mdogo, na mwishoni utie majani ya mrehani. Nyanya ziwe zimeiva hadi ndani. Zikiwa bado ngumu, ahirisha. Na ukiweza, pika leo ule kesho, hata ikiwa baridi, maana ladha huzidi ikilala.