Nani kakupa ruhusa ya kufundisha yoga?

Haya wandugu, leo siasa nimeiweka kando. Ukiingia intaneti siku hizi hukosi tangazo la mafunzo ya ualimu wa yoga: mwezi mmoja ufukweni, saa 200, cheti mkononi. Mimi nikajiuliza, hizo saa 200 kazipanga nani? Kwa nini si 50, au 5,000?

Zamani cheti hakikuwepo. Alikuwepo guru, na guru ndiye aliyechagua. Mchukue Tirumalai Krishnamacharya, aliyezaliwa mwaka 1888. Miaka ya 1930 alikuwa akifundisha kwenye kasri la mfalme wa Mysore, kusini mwa India, na sehemu kubwa ya yoga ya mikao tunayoiona mijini leo inatokana na wanafunzi wake. Mzee alikuwa mkali kwelikweli. Shemeji yake, B.K.S. Iyengar, alifika kwake akiwa kijana aliyedhoofishwa na maradhi. Mwaka 1937, akiwa na miaka 18 tu, akatumwa Pune akafundishe. Basi, ualimu ndiyo huo! Iyengar ilibidi ajifunze mwenyewe huku anafundisha, na kitabu chake cha mwaka 1966, Light on Yoga, kikaja kuwa kama msahafu wa walimu dunia nzima.

Lakini anayenivutia zaidi ni mwanamke mmoja, Eugenie Peterson, mzaliwa wa Riga mwaka 1899, anayejulikana zaidi kama Indra Devi. Alipoomba kuwa mwanafunzi, Krishnamacharya alimkatalia. Mwanamke, tena mgeni! Mpaka mfalme mwenyewe alipoingilia kati ndipo mzee akakubali shingo upande, akambana kwa masharti ya chakula na ratiba, labda akitumaini atakata tamaa. Hakukata. Mumewe, mwanadiplomasia wa Czechoslovakia, alipohamishiwa China, yule yule mzee aliyemfungia mlango ndiye aliyemwambia akafundishe. Mwaka 1939 akaanza darasa Shanghai, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Hollywood, akiwafundisha akina Greta Garbo na Gloria Swanson. Alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 102. Ukipita leo kwenye darasa lolote la yoga ukakuta wanawake watupu, mkumbuke huyo mama.

Sasa, kutoka guru hadi kozi tulifikaje? Hapo anaingia Swami Vishnudevananda, ambaye mwalimu wake, Sivananda wa Rishikesh, alimtuma nchi za Magharibi mwaka 1957. Mwaka 1969 alianzisha kozi ya walimu ya wiki nne hivi. Wenye kupenda mambo ya kale walinuna, na sioni ajabu, maana kilichochukua miaka sasa kilibanwa ndani ya mwezi. Ila jamaa hakuwa mfanyabiashara tu. Alitaka walimu wa amani, na mwaka 1971 aliruka na ndege ndogo hadi Belfast, palipokuwa na mapigano, kuhubiri amani hiyo. (Kichaa kidogo, lakini kichaa cha kupendeza.)

Saa 200 zenyewe zimetoka Marekani. Mwaka 1999 lilianzishwa shirika la Yoga Alliance, likaweka viwango vya saa 200 na 500, zikigawanywa kati ya mikao, pumzi, elimu ya mwili, falsafa na mazoezi ya kufundisha. Si sheria ya nchi yoyote. Shirika linasajili shule, shule inakupa cheti, nawe unajiandikisha. Saa zinahesabika, lakini ukomavu wa mwalimu utauhesabu kwa saa? Na gharama je? Kozi nyingi zinakula dola elfu moja na kuendelea. Mfalme wa Mysore hayupo tena wa kukuombea, sasa mlango unafunguliwa na pochi.

Ndiyo maana napenda kilichotokea Nairobi. Paige Elenson, Mmarekani, alikuwa safarini Kenya alipokutana na vijana wa sarakasi wakisimama kwa mikono. Mwaka 2007 ikazaliwa Africa Yoga Project, na vijana wa mitaa ya mabanda wakafundishwa ualimu wa yoga bila kudaiwa hizo dola. Wakaanza kulipwa kwa kufundisha, na madarasa yao mengi wakayapeleka bure kule kule mitaani kwao.