Kutoka Kwihara hadi Lemera

Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora. Februari 1872 Livingstone na Stanley walifika kwenye tembe la hapo wakitokea Ujiji, na Livingstone, daktari aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Mwaka uliotangulia, katika vita vya kugombea hongo, yaani ushuru wa kupita, na njia ya misafara, Mtemi Mirambo alikuwa amechoma sehemu ya Tabora.

Nimeifuata njia hiyo kwenda magharibi, sambamba na reli iliyofika Kigoma 1914. Urambo ndipo palipokuwa makao ya Mirambo. Wafanyabiashara wa Tabora walimwona jambazi tu, na wapiganaji wake, rugaruga, walitisha vijiji vya mbali. Hata hivyo, mwaka 1879 alimpokea Ebenezer Southon, daktari wa London Missionary Society, akamruhusu kujenga. Southon alitibu waliomjia hadi alipofariki 1882, baada ya kujeruhiwa na risasi kwa bahati mbaya. Kama Mirambo angeitwa gaidi leo, sheria nyingi za ugaidi za siku hizi zingemweka Southon pabaya: kumsaidia mtu aliyeorodheshwa kuwa gaidi ni kosa, na sindano nayo yaweza kuhesabiwa msaada.

Njia inakoma Ujiji, lakini habari haikomi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, milimani juu ya Uvira, iko Lemera. Tarehe 6 Oktoba 1996 wapiganaji wa uasi uliosaidiwa na jeshi la Rwanda waliivamia hospitali iliyoongozwa na Daktari Denis Mukwege. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao, na wauguzi pia waliuawa. Mwaka huohuo Wakongo waliokimbilia Kigoma walifunguliwa kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu.

Je, uvamizi ule wa Lemera ni ugaidi? Kwa aliyelala na dripu mkononi, hofu ile haina jina jingine. Lakini mimi nakataa kuuandika hivyo kisheria. Ugaidi ni jina ambalo serikali humpachika adui yake. Ni nadra kulipachika jeshi lake au la rafiki yake. Uhalifu wa kivita humkamata mwasi na jenerali kwa kipimo kimoja, na ulinzi wa majeruhi na wanaowatibu ulikwisha andikwa Geneva mwaka 1864, Livingstone akiwa hai. Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unataja waziwazi mashambulizi ya makusudi dhidi ya hospitali. Mei 2016 Baraza la Usalama lilirudia katazo hilo kwa azimio namba 2286.

Pengo liko kwingine. Mahakama hiyo ya Jinai hushughulikia makosa ya kuanzia Julai 2002 tu, kwa hiyo Lemera imebaki nje ya mlango wake. Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani 2018, anadai mahakama maalumu kwa ajili ya Kongo. Namuunga mkono, na ningependa serikali zote za ukanda huu, ya kwetu ikiwemo, ziidai pamoja naye, hata kama mashahidi watawataja majirani tunaokaa nao meza moja kwenye vikao vya kikanda Arusha.