Utafiti wa tiba shufaa: kwa nini mgonjwa mwenyewe hasikiki

Tiba shufaa humpunguzia maumivu na mateso mtu mwenye ugonjwa mzito, kama saratani iliyosambaa. Sasa, watafiti wakitaka kumsikia mgonjwa mwenyewe, muda unawabana: leo kakubali, wiki ijayo hawezi kuongea, au ameshafariki. Ndugu nao humkinga, hasa kama hajaambiwa anaumwa nini. Mwishowe wanahojiwa wenye nafuu, na maumivu ya waliozidiwa hayaandikwi popote.

APCA, shirika la tiba shufaa barani Afrika lenye makao Kampala, lina dodoso la maswali 10 tu: 7 ya mgonjwa, 3 ya anayemuuguza. Maumivu huweza kujibiwa kwa mkono. Ngumi ni hakuna, vidole vitano ni makali kupita kiasi. Akichoka katikati, mahojiano yakatizwe. Majibu yake nusu yana thamani kuliko ndugu kumkisia yote.