Gome na Nyuzi

Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilivuka bahari majahazini, zikawa dari za nyumba za Uarabuni na Ghuba. Iliyopinda haikusafiri. Ilibaki mwambaoni, ikapika wali, ikachoma matumbawe yakawa chokaa.

Mpasua kuni alipaswa kujua apasuacho. Mkoko una gome la kijivu lenye wekundu. Kiini chake ni chekundu na kizito, na moto wake mkali. Mchu una gome laini, na mti wake wenye rangi hafifu umejaa mapete, ambayo mgeni huyahesabu akidhani ahesabu miaka. Si miaka, kwani mchu waweza kutia mapete kadhaa kwa mwaka mmoja. Mkomafi hujibambua, gome likabaki na mabaka ya kijani na hudhurungi. Mti wake mwekundu hupendwa na mafundi, na kuutia jikoni ni kuteketeza kabati kabla halijaundwa.

Zama za Wajerumani, magome ya mikoko ya Rufiji yalipelekwa Ulaya kutengenezea ngozi. Gogo lililobaki uchi halikutambulikana tena kwa gome. Zilisalia nyuzi na uzito wake.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje. Majahazi yalikosa shehena, lakini meko hayakuzimika. Elimu ya gome, basi, haikuwa ya jikoni pekee. Mkataji ajuaye kupambanua huchagua, na achaguaye huacha mti umesimama. Asiyejua hufyeka yote.