Undugu wa Cheo Musumba: Somo kwa Watafiti wa Elimu

Watafiti wa elimu wanaovuka mipaka ya tamaduni huanza kwa dodoso: baba wa mwanafunzi ni nani, ana ndugu wangapi. Makala haya yanadai kwamba majibu ya maswali hayo hayaaminiki mpaka maana ya undugu itafutwe kwanza kwa wenyewe. Ushahidi tunauchukua katika historia ya Walunda.

Musumba, iliyoko leo katika Jimbo la Lualaba, ni makao ya Mwant Yav, mtawala mkuu wa Walunda. Utawala wake ulijengwa juu ya kanuni mbili. Kwanza, anayerithi cheo hurithi pia jina na nafsi ya aliyemtangulia katika jamii. Pili, uhusiano wa wenye vyeo wa mwanzo hudumu: wale wakiwa ndugu, warithi wao ni ndugu, hata kama hawana damu moja. Rukonkesh ni mama wa mfalme kwa cheo, si kwa kuzaa. Mwaka 1956 Ian Cunnison aliichambua kanuni hiyo katika bonde la Luapula, kwa Mwata Kazembe, ambaye ufalme wake ulichipuka kutoka kwa Walunda. Huko mwenye cheo aliweza kusema "mimi nilifika hapa", akisimulia safari ya mhenga aliyefariki kale.

Wanahistoria waliteleza papo hapo. Katika kitabu chake cha 1966, Jan Vansina aliyachukua mapokeo ya Kinguri, nduguye Ruwej aliyehamia magharibi, kuwa habari za mtu mmoja na safari yake. Mwaka 1976 Joseph Miller alieleza kwamba Kinguri ni cheo kilichoshikwa na wengi kwa zamu. Mwaka 1998 Vansina mwenyewe aliandika kuwa safari hiyo haikutokea.

Kosa hilohilo lanyemelea dodoso la shuleni. Penye baba mkubwa, baba mdogo na warithi wa majina, mtoto aliyefiwa na mzazi aweza kuandikwa yatima ilhali baba anao. Mwingine huandikwa ana baba, kumbe hakuna amlipiaye karo. Basi mtafiti aulize wajibu kabla ya jina: nani hulipa, nani huitwa na mwalimu, nani huamua mtoto aendelee au aache. Asipofanya hivyo, takwimu zake zitahesabu maneno, na msaada utampita anayeustahili.