Dawa ya kupungua iliyoharibu hadi DNA

Wadau, "ni majani tu, hayana madhara." Kauli hiyo iliwaponza watu.

Miaka ya 1990 mwanzoni kule Brussels, Ubelgiji, kina dada waliotaka kupunguza mwili walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Kumbe mmea mmoja ulichanganywa na mwingine, Aristolochia. Mwaka 1993 madaktari wakatangaza: figo za wasichana zinakufa kwa kasi. Mwaka 2000 ikaja mbaya zaidi. Kati ya wagonjwa 39 waliotolewa figo zilizokufa, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. Sumu ile hujibandika kwenye DNA, seli ikigawanyika inanakili makosa.

Na kupima kupo zamani tu. Mwaka 1938 mtafiti mmoja wa Sweden aliotesha vitunguu kwenye maji yenye sumu ya mmea, akachungulia ncha za mizizi kwa hadubini kuona kromosomu zinavyovurugika. Kitunguu hiki hiki cha kachumbari! Hadi leo kuna maabara zinazotumia njia hiyo.

Sipingi mitishamba, bibi yangu kanikuza nayo. Ila hiyo chai ya kukata tumbo uliyoagiza mtandaoni, ina mmea gani? Nani kaupima? Dondosha komenti.