Wakamba walio mbali na kwao: Kabila moja, kaunti tatu

Mji mdogo wa Ikutha uko kusini mwa kaunti ya Kitui, kando ya barabara itokayo mjini Kitui kupitia Mutomo hadi Kibwezi. Kabla ya kufika Kibwezi, ambako barabara hiyo hukutana na ile kuu ya Nairobi na Mombasa, msafiri huvuka mto Athi na kuingia kaunti ya Makueni. Ng'ambo moja ni watu wa Kitui. Ng'ambo ya pili ni watu waliohesabiwa kwa miaka mingi kuwa wa Machakos. Wote ni Wakamba.

Ni lini basi mtu huwa Mkamba kwanza, na ni lini huwa mtu wa Kitui au Makueni? Historia ya waliohama inaonyesha kwamba jibu hutegemea mahali anapoulizwa.

Masimulizi ya wazee husema Wakamba walikaa kwanza katika milima ya Mbooni, iliyo Makueni ya leo, kisha baadhi yao wakavuka Athi kuelekea mashariki. Hawakuwa na mfalme. Mamlaka yalikuwa ya wazee wa kila utui, yaani kundi la maboma yaliyo jirani. Kilichovuka mto ni ukoo. Koo kama Aombe, Atangwa na Anzauni zina watu wake pande zote mbili, na kwa desturi watu wa ukoo mmoja hawaoani hata kama hawajapata kuonana.

Njaa ndiyo iliyowatawanya zaidi. Katika miaka ya 1830 ukame uliwasukuma Wakamba wengi hadi karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako biashara ya pembe za ndovu ilikuwa imekwisha kuwafikisha. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliwakuta huko, na mwaka 1850 akachapisha tafsiri ya Injili ya Marko kwa Kikamba. Mwishoni mwa karne hiyo ikaja njaa kuu iitwayo Ngomanisye, iliyoua watu wengi na kuwahamisha wengine. Ugenini, tofauti ya Kitui na Machakos ilipungua uzito. Kwa wenyeji, mgeni huyo alikuwa Mkamba tu.

Nyumbani, tofauti hiyo ilidumu, hata katika maandishi. Wamisionari Walutheri kutoka Ujerumani walifungua kituo Ikutha mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuanza kukiandika Kikamba cha Kitui. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi yao. Baadaye lahaja ya Machakos ndiyo iliyochukuliwa kuwa sanifu na kutumiwa katika Biblia. Hivyo msomaji wa Ikutha husoma lugha yake kwa matamshi ya jirani.

Serikali nayo iliongeza mipaka. Makueni ilitengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992. Kufuatia Katiba ya 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Kitui, Machakos na Makueni zilianza kuendeshwa kama kaunti, kila moja ikiwa na gavana, bunge na bajeti yake. Baadaye kaunti hizo tatu ziliunda muungano wa kiuchumi wa kusini mashariki mwa Kenya, dalili kwamba mipaka hiyo haitoshi kutatua matatizo ya maji, barabara na soko.

Lakini umoja mzito zaidi ni ule wa taifa, nao umewahi kuwagharimu waliohama. Tangu miaka ya 1950 familia nyingi za Kikamba zilipata mashamba katika mpango wa makazi wa Shimba Hills, Kwale. Mnamo Agosti 13, 1997, washambuliaji walivamia kituo cha polisi cha Likoni, kisha wakawaandama watu waliotoka bara, wakiwamo Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na Wakamba. Watu zaidi ya 100 waliuawa katika ghasia hizo na maelfu wakahama. Wahanga hawakuulizwa kama wametoka Kitui au Machakos. Walioishi pwani kwa miaka mingi waliambiwa warudi kwao.

Ibara ya 39 ya Katiba ya 2010 inampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi mahali popote nchini. Suala hilo linahusu watu wengi. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakamba 4,663,910, ilhali wakazi wote wa kaunti hizo tatu, wa makabila yote, walikuwa takriban 3,546,000. Maana yake ni kwamba Wakamba zaidi ya milioni moja waliishi nje ya kaunti hizo.

Mijini, mikutano ya ukoo huwaleta pamoja watu wa Ikutha, Mbooni na Machakos kuchangia karo, matibabu na mazishi. Humo mto Athi haugawi watu. Kwa mzaliwa wa Kwale au Mombasa, hata hivyo, swali la "kwenu ni wapi?" lina uzito mwingine, maana jibu lake la kweli ni pale pale alipo.